GAZETI LILIKUWA NA MWENYEWE


Ndugu zangu, mwaka 1930 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alianza kutoa Sahifa, na mwaka 1932 gazeti la Al-Islah. Aliandika Kiswahili ili hata asiyejua Kiarabu aelewe. Na msomaji alijua nani wa kumuuliza.

Hapa Tukuyu nyumbani tunaongea Kinyakyusa, msikitini Kiswahili. Kwa Kiswahili hichohicho ujumbe wa simu unaenea Rungwe nzima kabla hujamaliza kutawadha. Kauandika nani? Hakuna ajuaye.

Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuthibitisha habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Ujumbe usio na mwenyewe usiusambaze. Ukishausambaza, mwenyewe ni wewe.

Wallahu a'lam.