Chumvi ya Ma'rib na Mabilioni ya New York: Mtawala Anapogawa Haki ya Umma

Abu Daud, Tirmidhi na Ibn Majah wamepokea katika Sunan zao kisa cha Abyad bin Hammal (r.a.), mtu wa Ma'rib katika nchi ya Yemen. Alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) akamwomba ampe iqtaa ya chumvi iliyoko Ma'rib, naye akapewa. Alipogeuka kuondoka, mtu mmoja aliyekuwapo barazani, ambaye Ibn Majah anamtaja kuwa ni Al-Aqra' bin Habis, alimwuliza Mtume (s.a.w.) kama anakijua alichompa mtu yule; kwani chumvi ile ni mfano wa maji yasiyokatika, kila anayefika hujichotea. Hapo Mtume (s.a.w.) akairejesha. Katika mapokezi ya Ibn Majah, Abyad aliridhia kuiachia kwa sharti ihesabiwe kuwa ni sadaka yake, akakubaliwa, na badala yake akapewa ardhi na mitende huko Jurf.

Mafaqihi hawakukiacha kisa hiki kipite hivi hivi. Abu Ubaid Al-Qasim bin Sallam, aliyefariki mwaka 224 Hijria, alikichunguza katika Kitabul Amwal: vipi Mtume (s.a.w.) akirudishe alichokwisha kukitoa? Jibu lake ni kwamba alitoa akidhani ni ardhi mfu ambayo Abyad ataihuisha kwa jasho lake. Ilipobainika kuwa ni kitu ambacho watu wanashirikiana tangu hapo, hakikuwa tena cha kumpa mtu mmoja. Al-Mawardi naye, katika Al-Ahkam As-Sultaniyya, akatenganisha madini yaliyo dhahiri, ambayo hapewi mtu peke yake, na madini yaliyofichika ardhini yanayohitaji kuchimbwa kwa gharama, ambayo wanazuoni wamehitilafiana juu yake. Kwa hiyo swali lao halikuwa kama mtawala anaweza kumpa mtu sehemu ya haki ya umma. Anaweza. Swali ni je, anajua anachokitoa? Anayepewa ataongeza nini? Na nani atabakia na mzigo?

Tumekikumbuka kisa hiki kwa sababu ya mjadala mkubwa uliotokea Marekani katika mwaka 2018 na 2019, kuhusu miji kuyasamehe kodi makampuni makubwa ili yaje kujenga kwao. Jambo lenyewe si geni nchini humo. Mwaka 1791 jimbo la New Jersey liliipa hati jumuiya ya viwanda iliyoasisiwa kwa juhudi za Alexander Hamilton, ikapewa msamaha wa kodi za mitaa, na mji wa Paterson ukazaliwa kutokana na mpango huo. Kufikia mwaka 1796 jumuiya ile ilikwisha kuacha kutengeneza bidhaa. (Paterson ya leo ina Waislamu wengi, na mwaka 2022 sehemu ya barabara yake kuu ilipewa jina la Palestine Way; lakini hayo ni mazungumzo mengine.) Mwaka 1936, jimbo la Mississippi liliziruhusu halmashauri zake kukopa fedha kwa hati fungani ili ziwajengee wenye viwanda majengo. Tangu hapo majimbo mengine yakafuata, na mwenye kiwanda akajifunza kupita mji hadi mji akiuliza nani atampa zaidi.

Mwezi wa Septemba 2017, kampuni ya Amazon ilitangaza kuwa inatafuta mahali pa kujenga makao makuu ya pili, na ikataka miji ishindane. Yalipelekwa maombi 238 kutoka Marekani, Kanada na Mexico. Jimbo la Maryland liliahidi nafuu na huduma za takriban dola bilioni 8.5, Newark na jimbo lake la New Jersey, bilioni 7. Tarehe 13 Novemba 2018, kampuni ikatangaza kuwa imechagua sehemu mbili: Arlington katika jimbo la Virginia, na Long Island City katika mtaa wa Queens, New York. Kila moja iliahidiwa ajira 25,000 zenye mshahara wa wastani wa zaidi ya dola 150,000 kwa mwaka.

Sasa msomaji atazame kilichotolewa. Jimbo la New York liliahidi dola bilioni 1.525: milioni 325 taslimu kulingana na ukubwa wa majengo, na hadi bilioni 1.2 za nafuu ya kodi, sawa na dola 48,000 kwa kila ajira. Juu yake zikaja nafuu za jiji, zilizokuwamo tayari katika sheria kwa kila anayetimiza masharti, zilizokadiriwa kuwa karibu bilioni 1.3. Virginia iliahidi milioni 550, yaani dola 22,000 kwa kila ajira, na Arlington ikaongeza milioni 23. Kampuni ni ile ile na idadi ya ajira ni ile ile, lakini bei ya ajira moja katika jimbo la New York ilikuwa zaidi ya maradufu.

Gavana Andrew Cuomo na Meya Bill de Blasio walitetea mkataba kwa hoja ambayo si ya kudharauliwa: jimbo na jiji wangekusanya zaidi ya dola bilioni 27 za kodi katika miaka 25, kwa hiyo kinachosamehewa ni sehemu ndogo ya kitakachopatikana. Wapinzani, miongoni mwao vyama vya wafanyakazi, jumuiya za wahamiaji na baadhi ya madiwani wa Queens, walisema kodi za nyumba zitapanda na wakazi wa kipato kidogo watasukumwa nje, na kwamba tajiri wa daraja ile hahitaji msaada wa mwenye duka anayelipa kodi yake kamili. Lilitajwa sana pia sharti la kusaidiwa kupata kibali cha uwanja wa kutua helikopta. Uadilifu unatutaka tuseme vilevile kuwa kura za maoni zilionyesha wengi wa wakazi wa jimbo wakiunga mkono mkataba, na kwamba baadhi ya waliokuja kuupinga walikuwa wametia saini barua ya mwaka 2017 ya kuikaribisha kampuni hiyo hiyo.

Kulikuwa na kosa moja katika mjadala ambalo mwanafunzi wa fiqhi angelinasa mapema. Baadhi ya wapinzani walisema: hizo bilioni tatu zipelekwe kwenye shule na treni. Lakini sehemu kubwa ya fedha hizo haikuwamo katika hazina. Ilikuwa ni kodi ya baadaye ambayo isingekusanywa. Wanazuoni wetu hutenganisha baina ya isqati, yaani kuiachia haki, na kumilikisha, yaani kumpa mtu mali iliyo mkononi. Upande wa meya ulilishika kosa hili na kulikariri. Hata hivyo, nao haukuwa salama nalo, kwa kuwa zile milioni 325 zilikuwa taslimu, na nafuu ya jimbo ilikuwa ya namna ambayo ikizidi kodi inayodaiwa, ziada yake hulipwa kwa fedha. Hicho si kuachia haki. Ni kutoa.

Huenda ndugu msomaji akatuuliza: kodi hizi si ndizo maks zilizokemewa, na Umar bin Abdulaziz (r.a.) akaziondoa? Basi kuna ubaya gani zikiondolewa, hata kama ni kwa mmoja? Tunajibu kwamba Umar bin Abdulaziz aliwaondolea watu wote. Kumwondolea mwenye nguvu na kumwachia dhaifu ni jambo lingine kabisa. Kabla ya vita vya Ain Jalut vya mwaka 658 Hijria (1260), Sultani Qutuz alitaka kutoza raia wa Misri ili kuwakabili Watatari. Izzuddin bin Abdissalam hakumkatalia, bali alimwekea sharti: maamiri watoe kwanza dhahabu na mapambo yao, wawe sawa na raia, na zisipotosha ndipo raia watozwe. Hiyo ilikuwa hali ya vita na adui yuko mlangoni. Na bado faqihi hakukubali mzigo uwaruke wakubwa. Kanuni ya fiqhi isemayo kuwa utendaji wa mtawala juu ya raia umefungamana na maslaha haijatungwa kwa ajili ya vitabu tu.

Lakini tunaloliona kuwa zito zaidi si kiasi, bali ni wakati ambapo swali liliruhusiwa kuulizwa. Katika kisa cha Ma'rib, aliyeuliza alikuwapo barazani, na aliuliza Abyad akiwa ndiyo kwanza anageuka. New York, wakuu waliohusika walikuwa wametia saini ahadi za kutunza siri, na utaratibu uliochaguliwa wa kutumia ardhi ulilipita Baraza la Jiji. Madiwani walipopata kikao cha kuuliza, mwezi wa Desemba 2018 na tena tarehe 30 Januari 2019, mkataba ulikwisha kutangazwa. Katika kikao hicho cha pili mjumbe wa kampuni aliulizwa kama haitawazuia wafanyakazi kuunda chama. Hakukubali kuahidi hilo. Mwanzoni mwa Februari, Seneti ya jimbo ikampendekeza Michael Gianaris, mpinzani wa mkataba, kuingia katika bodi ambayo ingeweza kuukataa. Tarehe 14 Februari 2019, kampuni ikajitoa. Arlington ilikuwa na wapinzani wake pia, lakini mwezi wa Machi 2019 bodi yake iliusikiliza umma kisha ikaupitisha mkataba kwa kura zote tano.

Wapo walioshangilia kujitoa kule kama ushindi mkubwa. Sisi hatuwezi kushangilia sana, na sababu tutaitaja. Kwanza tutazame mji ambao swali halikusikilizwa kwa wakati. Mwaka 2017, jimbo la Wisconsin liliahidi nafuu ya karibu dola bilioni 3 kwa kampuni ya Foxconn, ambayo nayo iliahidi kuwekeza bilioni 10 na ajira 13,000 katika kijiji cha Mount Pleasant. Watu waliondolewa katika nyumba zao na barabara zikapanuliwa. Kiwanda kilichoahidiwa hakikujengwa kama kilivyoahidiwa, na Aprili 2021 mkataba ukaandikwa upya: nafuu ya milioni 80 kwa ajira 1,454. Hapa tunamkumbuka Bilal bin Al-Harith Al-Muzani (r.a.), ambaye Mtume (s.a.w.) alimpa ardhi ya Al-Aqiq. Umar bin Al-Khattab (r.a.) alipokuwa khalifa alimwambia kuwa hakupewa aizuie watu wasiifikie, bali aifanyie kazi, abaki na anachokiweza na kilichobaki akirudishe kigawiwe Waislamu. Wisconsin ilifika hapo baada ya miaka minne, lakini zile nyumba zilikwisha kubomolewa.

Tangu mwaka 2015 bodi inayoweka kanuni za hesabu za serikali za mitaa Marekani imezitaka zionyeshe kodi zinazozisamehe, kwa kanuni namba 77. Na mtafiti Timothy Bartik, aliyelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, alikadiria mwaka 2018 kuwa nafuu hizi ndizo zinazoamua mahali pa kujenga katika mara 2 hadi 25 tu kwa kila mara 100. Zilizobaki, kampuni ingekwenda pale pale. Desemba 2019 Amazon ilikodi ofisi Manhattan kwa ajili ya watu zaidi ya 1,500, bila ya nafuu maalumu.

Ama sababu ya kutoshangilia ni hii. Karibu na kiwanja kile cha Queens upo mtaa wa Queensbridge, makazi ya umma makubwa kuliko yote Marekani, na baadhi ya viongozi wa wapangaji wake waliutaka mkataba kwa ajili ya vijana wao. Abyad aliiachia chumvi akapewa mitende ya Jurf. Watu wa Queensbridge hawakuulizwa wakati mkataba unaandikwa, na ulipovunjika hakuna aliyewatajia Jurf yao. Wallahu a'lam.