Uwanja wa michezo wa vifaa chakavu

Uwanja wa michezo wa vifaa chakavu ni eneo la wazi ambapo watoto hucheza kwa kujenga, kubomoa na kuigiza, wakitumia mbao, kamba, magurudumu, vitambaa, mchanga na maji. Hutofautiana na uwanja wenye bembea na mtelezo kwa kuwa vifaa vyake havina matumizi maalumu: sanduku lilelile huweza kuwa duka asubuhi na meli jioni. Viwanja vingi vya aina hii huanzishwa au kutunzwa na wazazi na majirani wanaojitolea.

Historia

Wazo hili lilitoka kwa Carl Theodor Sørensen (1893–1979), mbunifu wa bustani wa Denmark. Aliona kwamba watoto walipenda kucheza kwenye maeneo ya ujenzi na penye vitu vilivyotupwa kuliko kwenye viwanja walivyotengenezewa. Mwaka 1931 alipendekeza wapewe mahali pa kuchezea vifaa chakavu.

Uwanja wa kwanza ulifunguliwa mwaka 1943 huko Emdrup, mjini Copenhagen, wakati Denmark ilipokuwa imekaliwa na jeshi la Ujerumani. Msimamizi wake wa kwanza, John Bertelsen, aliwaachia watoto waamue watakachojenga. Baadaye Sørensen alieleza kwamba kati ya kazi zake zote uwanja huo ulikuwa na sura mbaya kuliko nyingine, lakini kwake ndio uliokuwa bora.

Marjory Allen, mbunifu wa bustani Mwingereza, alitembelea Emdrup baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1946 aliandika katika jarida la Picture Post kwamba maeneo yaliyobomolewa na mabomu yatumiwe namna hiyo. Mwaka 1948 uwanja kama huo ulifunguliwa Camberwell, London. Nchini Japani, wakazi wa Setagaya, Tokyo, walishirikiana na serikali ya mtaa kuanzisha uwanja wa Hanegi mwaka 1979.

Ujenzi kwa kujitolea

Kosa la kawaida la watu wazima ni kumaliza kila kitu wenyewe. Nyumba ndogo iliyopakwa rangi huvutia siku ya ufunguzi, lakini haimwachii mtoto cha kuongeza. Mwaka 1971 Simon Nicholson wa Uingereza alieleza kwamba kadiri mahali panavyokuwa na vitu vingi vinavyoweza kusogezwa na kubadilishwa, ndivyo ubunifu unavyopata nafasi zaidi.

Kwa hiyo kazi kuu za watu wa kujitolea ni hizi:
- kupata kibali cha kutumia eneo, hasa lenye kivuli na lisilotuamisha maji;
- kuwauliza watoto wanachotaka kabla ya kuanza;
- kukusanya vifaa na kuvikagua;
- kujenga uzio, stoo na choo;
- kupanga zamu za usimamizi na kuongeza vifaa vinapokwisha.

Zamu ndizo huamua uhai wa uwanja. Siku ya ujenzi huvuta watu wengi, lakini bila wasimamizi wa kudumu vifaa huharibika au huibwa, na majirani huanza kulalamikia uchafu.

Usalama

Wasimamizi hutofautisha changamoto ambayo mtoto anaiona, kama urefu wa mti anaoupanda, na hatari asiyoweza kuitambua, kama tawi lililooza. Ya kwanza huachwa, ya pili huondolewa. Vioo, mabati ya asbestosi, mbao zenye rangi ya risasi, vyombo vya dawa za wadudu na friji zenye milango havifai kabisa. Tairi hutobolewa ili maji yasituame na kuzalisha mbu.

Afrika Mashariki

Mchezo wa aina hii si mgeni Afrika Mashariki. Watoto hutengeneza magari ya waya na makopo, husuka mipira ya makaratasi na kamba, na hucheza baba na mama kwa vifuu vya nazi, majani na udongo. Kinachopungua mijini ni mahali pa kuchezea, kwani maeneo ya wazi huendelea kujengwa. Haki ya mtoto kucheza imetajwa katika kifungu cha 31 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ulioridhiwa na Kenya mwaka 1990 na Tanzania mwaka 1991.