Elimu ya Jamii Huanza na Jamaa

Lugha yetu ina maneno mawili yaliyotoka shina moja: jamaa na jamii. Jamaa ni watu wa nyumba na ukoo. Jamii ni watu wote wakaao pamoja. Watoto wetu wa sekondari husoma habari za jamii katika vitabu vya Historia na Jiografia, wakazifanyia mtihani. Swali letu leo ni hili: je, mtoto aweza kuijua jamii hali hawajui jamaa zake? Na asipowajua, hupoteza nini? Tulitazame jambo hili tukiwa Utende, kisiwani Mafia.

Utende ni kijiji cha pwani ya kusini-mashariki ya Mafia, kando ya Ghuba ya Chole. Watu hupanda mashua hapo kuvuka kwenda kisiwa cha Chole. Chole palikuwa makao ya serikali ya Wajerumani mpaka mwaka 1913, walipohamia Kilindoni. Jirani yake ni Juani, penye magofu ya Kua, mji uliovamiwa na Wasakalava wa Bukini, yaani Madagaska, mwanzoni mwa karne ya 19. Basi mtoto wa Utende akitoka nje asubuhi, historia i mbele ya macho yake, ng'ambo ya maji.

Wako wadhanio kwamba elimu ya jamii ni kitu cha Wazungu. Sivyo. Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, aliandika Muqaddima mwaka 1377. Humo alichunguza kwa nini dola husimama na kwa nini huanguka. Alianza na asabiya, yaani ule mshikamano wa watu wenye kuhisi kuwa wao ni wamoja, na chimbuko lake la kwanza aliliona katika udugu wa damu. Mwanachuoni yule alitaka kujua habari za wafalme, akaanzia kwa jamaa.

Mafia nayo imekuwa darasa la elimu hiyo. Mwaka 1965 Pat Caplan, mwanafunzi kutoka London, alifika kijiji cha Kanga, kaskazini ya kisiwa, akakaa na watu na kuuliza habari za koo na ndoa. Kitabu chake kilitoka mwaka 1975. Aliyoyaeleza wazee wa Kanga walikuwa wakiyajua siku zote: kwamba mtu huwa wa ukoo wa baba na wa ukoo wa mama pia, akaweza kuomba ardhi ya kulima kwa upande wowote kati ya hizo, kwamba ardhi ya kulima ni ya ukoo, lakini mnazi ni mali ya mtu mwenyewe, naye akifa hurithiwa kisharia, na kwamba mwanamke ana minazi yake mbali na ya mumewe. Mgeni aliuliza, wazee wakajibu, akaandika. Watoto wetu wenyewe wangeweza kuuliza hayo bila nauli ya meli.

Kusini ya kisiwa ina habari nyingine, nayo ni nzito. Katika karne ya 19 mashamba makubwa ya minazi yalikuwa ya Waarabu, na wengi walioyapanda na kuyahudumia walikuwa watumwa. Utumwa ulifutwa kwa sheria Tanganyika mwaka 1922. Mtoto akiuliza habari za babu zake huenda akakuta bwana, huenda akakuta mtumwa, na mara nyingi atawakuta wote wawili katika ukoo mmoja. Kwa hiyo elimu ya nasaba yataka adabu. Nasaba tunaisoma tupate kuunga udugu na kujua haki ya kila mtu. Mwenye kuisoma ili apate la kujivunia, au la kumsuta jirani, ni heri asiisome.

Sasa tufanye hesabu. Mtu amefariki, wazazi wake walikwisha kufa, naye ameacha mke mmoja, mwana mmoja wa kiume na binti mmoja. Madeni yamelipwa, wasia umetimizwa, imebaki minazi 24. Mke ana thumuni, yaani minazi 3. Inabaki 21: mwana wa kiume ana 14, na binti ana 7. Hesabu hii mtoto wa kidato cha kwanza aiweza. Lakini ni mabinti wangapi wajuao kwamba wana minazi 7, na ni ipi? Binti huolewa kijiji kingine, kaka akabaki "kuitunza" minazi, miaka ikapita. Binti akifa, watoto wake hawajui hata shamba liliko. Haki iliyotajwa wazi katika Suratun-Nisaa imepotea, wala hakuna aliyepiga kelele, kwa kuwa hapakuwa na aliyejua.

Kisha lipo swali la ardhi iliyo chini ya minazi hiyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume. Utende ina ofisi za Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, yenye kilomita za mraba 822, na hoteli za watalii zimejengwa ufukweni. Ardhi ambayo babu aliiona ni mchanga tu, leo ina bei. Hivyo shamba moja laweza kukutanisha mambo matatu: sharia ya mirathi, mila ya ukoo na sheria ya nchi. Mtoto akiweza kueleza matatu haya yanapokutana na yanapopishana, huyo amesoma elimu ya jamii kweli kweli, naye si rahisi kudhulumiwa.

Wazee wetu wengi waliiogopa skuli, khasa kwa wasichana, na hofu yao ilikuwa na sababu katika zama za ukoloni. Hata Unguja skuli ya serikali ya wasichana haikufunguliwa ila mwaka 1927. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyeanza kutoa gazeti lake la Sahifa mwaka 1930, alihimiza Waislamu wasomeshe watoto wao, wasichana wakiwemo. Lakini kwa muda mrefu habari za nyumba alizofundishwa msichana zilikuwa zaidi kupika, kushona na usafi. Hayo ni mema, ila nyumba ina mengine pia: mahari, mirathi, malezi ya yatima, haki ya mke na ya mume. Na mvulana ayahitaji kama msichana.

Mwaka 1967 Elimu ya Kujitegemea ilitaka shule isimtenge mtoto na kijiji chake. Mwaka 2016 ada iliondolewa katika shule za serikali mpaka kidato cha nne. Hata hivyo masomo mengi ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, na bibi hajui Kiingereza. Mtoto hujifunza majina ya aina za familia asiweze kumuuliza bibi yake neno lolote kati ya hayo. Mtaala mpya, ulioanza kutumika mwaka 2024, umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, nalo hufundishwa kwa Kiswahili. Mlango umefunguliwa, yatupasa tuingie.

Basi ewe mzazi, mnunulie mwanao daftari moja zaidi. Aandike majina ya babu na bibi wa pande zote mbili, mpaka kumbukumbu zikomee. Aandike nani alitoka Chole, nani Jibondo, nani Kilwa au Rufiji, na alikuja kwa kazi gani. Aandike minazi ya nani iko wapi, na imepakana na ya nani. Kisha awasomee wazee, wasahihishe, na mambo ya mali yapate mashahidi. Na anapouliza, usimwambie kwamba hayo ni ya wakubwa. Wakubwa wanaondoka mmoja mmoja, na kila anayeondoka bila kuulizwa hufukiwa pamoja na mipaka ya mashamba na majina ya jamaa.

Mwenyezi Mungu atupe elimu yenye manufaa, na atujaalie tufikishe kila haki kwa mwenyewe. Amin.