Picha Yako, Ukuta wa Nani? Kisa cha Dola Moja Iliyowaliza Wapiga Picha

Leo ubuyu wa mastaa tunauweka pembeni kidogo, nina la moyoni.

Mwezi wa kwanza nilimsindikiza mshkaji wangu kwenye ofisi moja hapa Dar. Nimekaa mapokezi nasubiri, nainua macho, naona picha yangu ukutani. Si picha niliyopigwa, ni picha niliyopiga mimi: pantoni ya Kigamboni jioni, jua linazama, mama mmoja kasimama na ndoo yake kichwani. Imeprintiwa kwenye kalenda ile kubwa ya A3, chini kuna nembo ya kampuni. Jina langu hakuna.

Kilichoniuma zaidi ni jinsi ilivyotoka safi. Picha ya Instagram ina upana wa pikseli 1080 hivi, ukiiprinti A3 inatoka kama kuna ukungu. A3 safi inataka karibu pikseli 3508 kwa 4961. Maana yake walichukua faili kamili, na aliyeliweka wazi faili hilo ni mimi mwenyewe. Miaka miwili nyuma nilipandisha picha zaidi ya 100 kwenye tovuti moja ya picha za bure, natafuta jina. Nikabonyeza nakubali bila kusoma hata mstari. Nilipokuja kusoma, nikakuta nimeruhusu mtu yeyote azitumie, hata kwenye biashara. Sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inasema kazi ni yako pale tu unapoitengeneza. Sawa, lakini mwenye kazi akigawa ruhusa bure, atamshtaki nani?

Basi nikaanza kuchimba. Hivi ilikuwaje mpaka picha ikawa kitu cha bure?

Zamani ilikuwa rahisi kuelewa. Pale Mji Mkongwe, Zanzibar, kuna studio inaitwa Capital Art Studio, ilifunguliwa 1930. Mgeni anaingia, anakuta kuta zimejaa picha nyeusi na nyeupe, anachagua, analipa, anaondoka nayo. Ukuta wao, bei yao. Huko Ulaya na Marekani gazeti likitaka picha ya daktari au ya familia inacheka, lilipigia simu wakala mwenye makabati ya picha za maktaba. Picha moja ilienda kwa mamia ya dola, mpiga picha anakatiwa chake. Mwaka 1989 Bill Gates naye akaanzisha kampuni, baadaye ikaitwa Corbis. Wazo lake lilikuwa watu wawe na skrini ukutani nyumbani na walipie picha za kuonyesha humo. Jamaa aliwahi mno. Mwaka 1995 ikaja kampuni iliyozaa Getty Images, ikaanza kununua mawakala wadogo mmoja baada ya mwingine.

Sasa sikia utamu. Mwaka 2000, mji wa Calgary, Canada, kuna jamaa mmoja alikuwa na picha zake alizotaka kuziuza kwenye CD. Akabadili mawazo, akaziweka kwenye tovuti bure kabisa. Tovuti ikaitwa iStockphoto. Wabunifu wakavamia, nao wakaleta zao, ikawa kubadilishana: yako ikichukuliwa, na wewe unachukua ya mwenzio. Shida ni kwamba bure ina bili. Picha ni mafaili mazito, na kila mtu akipakua, mwenye tovuti ndo analipia njia. Gharama zikafika kama dola 10,000 kwa mwezi. Ndipo akaanza kutoza: senti 25 kwa picha. Kumbuka, bei hiyo haikutokana na thamani ya picha. Ilikuwa ya kulipia bili tu! Ila ikishakaa kichwani mwa wateja, haitoki.

Mwaka 2003, New York, akatokea mwingine. Huyu ni mwandishi wa programu, alihitaji picha za kutangazia biashara zake akaona bei za mawakala hazishikiki. Akanunua kamera, akapiga kila kitu alichokiona, akapandisha picha zake 30,000 kwenye tovuti. Hiyo ndo Shutterstock. Ukilipa kwa mwezi, unachota. Mwaka 2012 kampuni ikaingia soko la hisa la New York. Wa Canada naye hakulala njaa: 2006 Getty waliinunua iStockphoto kwa dola milioni 50.

Je, wapiga picha? Mwaka huohuo wa 2006 jarida la Wired lilitoa kisa kimoja mpaka leo nakikumbuka. Mradi wa makumbusho ya afya huko Marekani ulitaka picha za wagonjwa. Mpiga picha mmoja mzoefu akakubali kupunguza, dola 100 mpaka 150 kwa picha, kama nusu ya anayotoza makampuni. Wakavutana wiki kadhaa. Mwishowe mteja akamwandikia kwamba samahani, dili halipo tena, amepata kwingine. Alichukua picha 56 iStockphoto kwa kama dola moja moja. Wenye picha hizo wakigawana hizo hela hakuna anayelipa kodi ya nyumba, na aliyekuwa akiilipa kwa kazi hiyo kaikosa. Mimi kijana niliyeanza na kamera ya kuazima nimepata nafasi kwa sababu ya milango hiyohiyo, sikatai. Ila nimeshakaa pande zote mbili za kisa hiki.

Dola moja nayo ikaonekana nyingi. Mwaka 2013 kampuni moja ya Montreal ilibakiwa na picha kumi za kazi yake, ikaziweka mtandaoni mtu achukue bure. Ndo Unsplash hiyo. Wapiga picha duniani kote wakamiminika kujaza ukuta. Mwaka 2021 ikanunuliwa. Na nani? Getty haohao.

Halafu kuna mama mmoja wa Marekani, mpiga picha mkubwa tu, alitoa maelfu ya picha zake kwa Maktaba ya Bunge la nchi yake ili wananchi wazitumie bure. Mwishoni mwa 2015 akapokea barua: lipa dola 120, umetumia picha isiyo yako kwenye tovuti yako. Picha ni yake! Akaenda mahakamani 2016 akidai dola bilioni moja, na sehemu kubwa ya kesi ikatupwa. Kitu ukishawapa watu wote, hata muuzaji anaweza kukiokota akakiuza. Niliposoma hiyo nikakumbuka kile kitufe changu cha nakubali.

Kwetu kulikuwa na ukuta mwingine kabisa: malipo. M-Pesa iliingia Tanzania 2008, lakini kwa miaka akaunti ya PayPal ya Mtanzania iliweza kulipa tu, kupokea haiwezi. Ungeuzaje picha kwa Mjerumani? Wengi tukaishia kuposti tupate likes.

Basi Februari nikafungua tovuti yangu. Anwani ya .co.tz, nafasi ya seva ya kukodi, usiku tatu bila kulala vizuri. Kosa la kwanza: nilipandisha picha za MB 8 kila moja. Mdau mwenye bando la buku akifungua, inazunguka weee mpaka anakimbia. Sasa ninayoonyesha ina upana wa pikseli 1200, jina langu limepita katikati kwa rangi hafifu. Faili kamili halipo kwenye tovuti, liko kwenye diski nyumbani. Mteja analipa kwa simu, namtumia kiungo kinachokufa baada ya siku mbili, na risiti inaandika wazi: ya kutundika nyumbani ni 10,000, ya tangazo kwa mwaka mmoja ni 80,000. Mpaka sasa nimeuza saba. Sita za nyumbani.

Ya saba ngoja niwaambie. Siku ile ya pantoni nilipiga picha kama 40, nyingine sikuwahi kuziweka popote. Wiki mbili zilizopita nikapata meseji kupitia tovuti, mtu anataka mbili za jioni hiyohiyo kwa ajili ya kalenda ijayo. Naangalia jina la kampuni, ni walewale. Nikawatajia 160,000. Wakajibu, "Kaka, mbona ile ya kwanza tuliipata bure?"

Tukabishana siku nne. Wamelipa 80,000, wamechukua moja. Ya pili wanasema bado wanafikiria, na mimi sijashusha. Mdau, ungekuwa wewe ungeshusha? Tiririka hapo chini.