Okteni ya petroli: chombo chako kinahitaji namba gani?

Ukiingia sheli Makambako au Njombe mjini, mara nyingi utaulizwa swali moja tu: petroli au dizeli? Hata bei kikomo ambazo EWURA hutangaza Jumatano ya kwanza ya kila mwezi zina bei moja tu ya petroli kwa kila mji, haijalishi okteni. Huku mitandaoni, madereva wanaambiwa watafute petroli ya namba kubwa ili gari "liwe na nguvu". Hapo ndipo wengi wanapotupa hela.

Okteni si nguvu. Ni kipimo cha uwezo wa petroli kuvumilia mgandamizo ndani ya injini bila kujilipukia yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Ikijilipukia, injini hugonga. Utasikia sauti kama misumari inayotikiswa ndani ya kopo, hasa ukipanda mlima na mzigo. Ukiizoea sauti hiyo, siku moja pistoni inatoboka na fundi anakwambia injini imenoki.

Soma mfuniko wa tenki

Magari mengi madogo nchini ni yaliyotumika Japan. Kule petroli ya kawaida ina okteni isiyopungua 89, na ile ya juu isiyopungua 96. IST, Vitz, Passo na Probox zilitengenezwa kwa ile ya kawaida, kwa hiyo kuziwekea ya juu hakuongezi kitu. Bodaboda nazo ni hivyo hivyo.

Zenye mahitaji tofauti ni injini za turbo kama baadhi ya Subaru Forester, pamoja na magari mengi ya Ulaya. Fungua mfuniko wa tenki: ukikuta 95 au 98, au maandishi ya Kijapani yanayosomeka "haioku", gari lako ni la kundi hilo. Ukilijazia petroli ya chini ya hapo, sensa huchelewesha cheche ili lisigonge. Litatembea, ila litakuwa zito na litakula mafuta zaidi.

Kwa watu wa Mawengi na milima mingine ya Ludewa kuna unafuu kidogo. Hewa ya juu ni nyepesi, hivyo injini isiyo na turbo inabana hewa kidogo na kugonga kunapungua. Ndiyo maana majimbo ya milimani Marekani, kama Colorado, huuza petroli ya okteni ndogo kuliko ile ya pwani. Lakini gari hilo hilo likishuka hadi Manda, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kwenye mwinuko wa karibu mita 500, au likienda Dar es Salaam, unafuu huo unaisha.

Hatari zaidi ni uchakachuaji

Gari ambalo halikuwahi kugonga likianza ghafla baada ya kujaza mafuta, usikimbilie kulaumu namba. Mafuta ya taa yana okteni ndogo sana, na kiasi kidogo tu kikichanganywa kinaivuruga petroli yote. Mchezo huu ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 2010 serikali ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili yakipimwa yajulikane, na mwaka 2011 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili uchakachuaji usilipe.

Petroli ya kwenye chupa za maji barabarani ndiyo ya kuogopa zaidi. Haina risiti, hujui imechanganywa na nini, na ikikaa juani sehemu yake nyepesi inaruka. Asubuhi za baridi za Juni na Julai, dereva wa boda anapiga kiki mpaka mguu unauma, kumbe kilichobaki kwenye tenki ni petroli iliyochoka.

Kwa hiyo jaza kwenye kituo chenye leseni na udai risiti kila mara. Bila risiti, ni vigumu kuthibitisha malalamiko yako EWURA, ambao kwa Nyanda za Juu Kusini wana ofisi Mbeya. Likianza kugonga ukiwa mlimani, rudi gia ya chini na upunguze kukanyaga mafuta, halafu fundi aangalie plagi na taiming.

Wenye Fuso na Canter za dizeli, okteni haiwahusu kabisa. Ila ukijaziwa petroli kimakosa, usiwashe hata kidogo. Sukuma gari pembeni, tenki limwagwe kwanza.