Matumizi Salama ya Dawa za Fangasi kwa Mbwa

Choa, ambao wengi huuita mashilingi, ni ugonjwa wa ngozi unaosababishwa na fangasi. Kwa mbwa, fangasi anayeongoza ni Microsporum canis, naye huambukiza binadamu pia, hasa watoto. Mabaka yaliyonyonyoka manyoya hayapaswi kupuuzwa, wala kutibiwa kwa kubahatisha, kwani ukurutu unaoletwa na utitiri hufanana nayo na dawa yake ni nyingine.

Mabaka machache huweza kutosheka na dawa ya kupaka, mradi mbwa azuiwe kuiramba. Yakienea, daktari wa mifugo huongeza dawa ya kumeza, na hapo ndipo makosa hutokea, kwa kuwa dawa iliyo karibu nyumbani mara nyingi ni ya binadamu. Itrakonazoli hutolewa kwa uzito, na kipimo cha kawaida ni miligramu 5 kwa kila kilo kwa siku. Mbwa wa kilo 10 huhitaji miligramu 50, ilhali kapsuli ya binadamu kwa kawaida ina miligramu 100. Kwa hiyo mbwa hupimwa uzito kwanza, hakadiriwi kwa macho.

Itrakonazoli na ketokonazoli hutolewa pamoja na chakula. Griseofulvini huhitaji chakula chenye mafuta, na haifai kabisa kwa mbwa mwenye mimba kwa sababu hudhuru watoto walio tumboni. Mwanamke mjamzito naye asiishike.

Ketokonazoli huweza kudhuru ini. Aidha, huzuia mwili kuiondoa ivamektini, dawa inayotumika sana dhidi ya minyoo na utitiri, hata ikafika kwenye ubongo kwa wingi. Mbwa hupepesuka, hutetemeka na huweza kupoteza fahamu. Daktari aelezwe kila dawa ambayo mbwa amepewa karibuni, ikiwemo sindano aliyochomwa na mtu mwingine.

Mbwa akikataa chakula, akitapika mara kwa mara au ufizi wake ukigeuka manjano, dawa isimamishwe na daktari aonwe siku hiyo hiyo.

Matibabu huchukua wiki kadhaa. Manyoya kuota tena si dalili ya kupona. Kipimo cha maabara ndicho huthibitisha. Matandiko ya mbwa yafuliwe mara kwa mara muda wote huo, kwa kuwa mbegu za fangasi huishi humo kwa miezi mingi.