Damu ya Wagonjwa Ilivyowafundisha Wataalamu

Wasomaji wengi hutuuliza: Ndui ilikomeshwa kwa chanjo, surua nayo huzuiwa kwa chanjo, mbona sida, ambayo wengine huiita ukimwi, haina chanjo hata leo? Swali hili ni la haki. Wengi wetu tumezika ndugu kwa ugonjwa huo. Basi tueleze habari zake tangu mwanzo.

Virusi vya sida vilikuwapo Kongo muda mrefu kabla ya kujulikana. Baadaye sana wataalamu walivikuta katika damu iliyotolewa Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, mwaka 1959, na katika kipande cha tezi cha mwaka 1960. Virusi vyenyewe vilitambuliwa mwaka 1983 huko Paris, katika Institut Pasteur, na Françoise Barré-Sinoussi, Luc Montagnier na wenzao. Mwaka 1984 waziri wa afya wa Marekani, Margaret Heckler, alitumaini kwamba baada ya miaka miwili hivi chanjo itakuwa tayari kujaribiwa. Miaka miwili ikapita, ikapita na ishirini.

Sababu gani? Katika damu ya mtu wamo askari wadogo waitwao kingamwili. Askari hawa humtambua adui kwa koti lake, wakamshika asiingie katika chembe za mwili. Kazi ya chanjo ni kuwaonyesha koti hilo kabla ya vita. Lakini virusi vya sida hubadili koti bila kuchoka. Tena koti lenyewe limefunikwa kwa sukari zilizotengenezwa na mwili wetu wenyewe. Askari aliyejifunza koti la jana hamtambui adui wa leo. Ndiyo maana mwaka 2003 chanjo iliyotengenezwa kwa kipande cha koti hilo, ikajaribiwa kwa maelfu ya watu, haikuwakinga.

Hapo wataalamu wakawarudia wagonjwa. Tangu miaka ya 1990 walikuwa wameona ya kuwa wagonjwa wachache wana kingamwili za namna ya pekee, ziwezazo kuzuia virusi vyenye makoti mengi mbalimbali. Wakaanza kuzitafuta kwa bidii. Shirika la IAVI lilikusanya damu ya watu wapata 1,800 wenye virusi, katika Afrika na nchi nyingine. Mwaka 2009, katika damu ya Mwafrika mmoja, zikapatikana kingamwili mbili zilizoitwa PG9 na PG16. Mwaka 2010 Wamarekani wakatangaza VRC01, iliyozuia wapata tisa katika kila kumi vya virusi vilivyopimwa.

Tazameni sasa jambo la huzuni. Kingamwili hizi huchelewa miaka kutokea, na zinapofika, virusi vilivyomo mwilini mwa mgonjwa huyo vimekwisha badilika tena. Mlinzi hodari amekuja, lakini mwizi amekwisha ingia nyumbani. Kwa hiyo huyo aliyetoa damu hazimponyi. Faida yake ni kwa wengine.

Je, mtu mzima akitiwa kingamwili hizo atakingwa? VRC01 ilijaribiwa kwa watu zaidi ya 4,600, wakiwamo wanawake wa Kenya na Tanzania. Majibu yalitoka mwaka 2021: kwa jumla haikupunguza maambukizo, lakini yale ya virusi ambavyo VRC01 yaweza kuvishika vizuri yalipungua kwa asilimia 75 hivi. Wakajua mambo mawili: njia ni ya kweli, na askari mmoja hatoshi.

Sasa wataalamu wanataka mwili wenyewe ujitengenezee askari hao. Mwanafunzi haanzi kwa kusoma kitabu kizima. Huanza kwa herufi. Vivyo hivyo chanjo ya kwanza huamsha chembe changa za damu zinazoweza kufunzwa, na chanjo zifuatazo huziongoza hatua kwa hatua. William Schief na wenzake walijaribu somo la kwanza Marekani: katika watu 36 waliochanjwa, 35 waliitikia. Mwaka 2025 ikatangazwa kwamba katika Rwanda na Afrika ya Kusini waliitikia 17 katika 18. Lakini hilo ni darasa la kwanza tu. Hao hawajakingwa bado.

Hili ndilo jibu la swali lenu. Katika ndui, mwalimu alikuwa mtu aliyepona. Katika sida, mwalimu amekuwa mgonjwa asiyepona, aliyenyosha mkono wake damu itolewe kwa faida ya watu asiowajua. Somo lake ni gumu, nalo halijaisha.

Kwa hiyo, mtu akija kuwauzia chanjo ya sida leo, ni mwongo. Dawa za hospitali zipo. Haziviondoi virusi, lakini anayezimeza kila siku hata virusi visionekane tena katika kipimo, haambukizi mwenzi wake. Twende tukapimwe.